Mtani Halii

Kambi ya wazee ilikuwa na vyumba kumi na viwili, na katika vyumba hivyo kila mtu alikuwa mgeni. Hakuna aliyezaliwa pale wala aliyefika pale kwa kupenda. Wengine walikuja Mtwara kujenga bandari wakiwa vijana, mgongo ukaisha, kijiji kikawasahau. Wengine walivuka Ruvuma wakikimbia vita vya Mreno, wakazika watoto njiani. Serikali ikawapa paa la bati, unga, maharage, na msimamizi mmoja jina lake Bwana Abdallah, mtu mwema aliyekuwa na ufunguo wa stoo na hana kingine cha kumsaidia mtu.

Zuhura binti Athumani alikaa chumba cha tatu. Kwao Uyao, upande wa Tunduru, mwanamke mzima huitwa kwa jina la baba yake, basi kambi nzima ilimwita Abiti Athumani. Alizaa watoto watano akazika wanne. Wa tano alipanda meli kwenda Dar es Salaam mwaka wa Uhuru, na mpaka leo, miaka kumi na moja, hata salamu. Lakini Abiti Athumani hakuwa mtu wa kulalamika. Alikuwa mtu wa utani.

Chumba cha nne, ukuta kwa ukuta naye, alikaa Mzee Mikaeli Ngonyani, Mngoni wa Songea, rozari shingoni, kuli wa zamani wa bandarini. Mngoni na Myao ni watani. Jambo hili hawakulianza wao. Lilianza na vita vya mababu. Vita vilipokwisha, wazee waliona hakuna njia ya kukaa jirani na mtu aliyekuchomea nyumba ila kumtukana mkacheka wote wawili. Kwa hiyo siku Mzee Mikaeli alipoletwa kambini na sanduku lake la bati, Abiti Athumani alimwendea moja kwa moja, akamvua ile kofia ya bandarini yenye ukingo mweusi, akaivaa mwenyewe, akamwambia, "Karibu. Hii ni ushuru wa kupita nchi ya watu." Mzee hakukasirika. Mtani hakasiriki. Alisema tu, "Kumbe wezi wengine hawazeeki," akaichukua kofia yake, akaingia ndani. Hiyo ilikuwa miaka sita iliyopita, na tangu siku hiyo hawakupitisha hata siku moja bila kutukanana.

Utani una sheria zake, na watu wa siku hizi wanadhani ni mchezo. Mtani wako akiugua, ndugu zake watamlilia, wewe hulii. Wewe unamwambia ni mwongo, anajifanya, anataka kuonewa huruma. Maana mgonjwa hawaamini ndugu zake, wale watamficha. Anamtazama mtani. Mtani akimtukana, anajua kesho ipo. Mtani akilia, mgonjwa anajua kaburi limeshapimwa. Na Mzee Mikaeli hakuwa na ndugu wa kumlilia wala wa kumficha. Alikuwa na mtani basi.

Ikawa Jumanne moja ya mwezi wa Novemba, korosho zimepamba moto, Abiti Athumani aliamka akasubiri tusi lake la asubuhi. Kila siku Mzee Mikaeli aligonga ukuta akasema, "Mtoro, kumekucha, toka pangoni," kwa kuwa babu zake Abiti walijificha mapangoni Wangoni walipokuja. Naye hujibu, "Nyamaza, mla bila chumvi," kwa kuwa Wangoni, kwa maneno ya Wayao, hawakushuka huku kwa ushujaa wowote, walifuata chumvi. Siku hiyo ukuta ulikaa kimya. Jua likapanda mpaka kwenye kizingiti. Kimya.

Aliingia chumba cha nne, akamkuta amelala ubavu, magoti yamegusana na kifua, sufuria ya matapishi iko chini ya kitanda.

"Ngiri," alisema Mzee Mikaeli bila kufumbua macho. "Siku zote nairudisha kwa mkono mwenyewe. Leo imegoma."

"Imejifunza kwako mgomo, bandarini."

Mzee alitaka kucheka, kicheko kikakatwa katikati. Abiti Athumani aliyajua magonjwa ya makuli. Mume wake wa pili alibeba magunia vilevile. Alijua kwamba ngiri inayorudi ni mzigo tu, mtu huzeeka nayo. Ngiri iliyokataa kurudi, ikawa ngumu kama jiwe, ikaleta matapishi, hiyo haisubiri siku mbili. Aliliona hilo, akageuza uso ukutani, mzee asije akausoma.

"Twende hospitali," alisema. "Ukifia hapa utaninukishia chumba."

"Abiti. Huko usiseme ngiri. Wale mabinti wa hospitali ni kama wajukuu zangu. Sema tumbo."

"Nitasema njaa."

Bahati ilikuwa Jumanne. Siku ya Jumanne lori la kuni za jiko la hospitali hupita mbele ya kambi. Bwana Abdallah alisimama barabarani na mikono juu, dereva akakubali, wazee wawili wakapandishwa juu ya kuni. Kila lori lilipoingia shimo, Mzee Mikaeli alishika mkono wa Abiti Athumani, akauminya mpaka kucha zikaingia. Naye akamwambia Mngoni akishika mkono wa Myao ujue anatafuta bangili ya kuiba. Walipita Likombe hivyo, wakaingia mjini hivyo, mmoja anaguna na mwingine anatukana, na dereva alisema baadaye hajapata kubeba abiria wa kuchekesha kama wale.

Saa mbili walikuwa barazani. Hospitali ilikuwa na daktari mmoja, maana wa pili alikwenda safari ya kikazi, na watu barazani walikuwa wamejaa kama siku ya mgao wa sukari. Mlangoni palikuwa na meza, na mezani nesi mmoja kijana, Elizabeti jina lake, Mchaga wa Marangu, ana miezi miwili tu tangu ahamishiwe kusini. Alivaa gauni jeupe lililopigwa pasi vizuri na kalamu nyekundu ameichomeka sikioni. Kazi yake ilikuwa kuuliza, kuandika cheti, na kumpeleka mtu benchi lake. Benchi la ndani lilikuwa karibu na mlango wa mganga. Benchi la nje lilizunguka baraza mpaka kwenye mkorosho.

"Shikamooni, babu na bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Mgonjwa ni nani?"

"Mimi, binti," alisema Mzee Mikaeli. Alijinyoosha asimame wima, kofia mkononi. "Tumbo. Si sana."

Nesi alimtazama jasho la usoni. Akachomoa ile kalamu nyekundu sikioni, akaishika juu ya cheti. "Tumbo upande gani, babu? Umetapika?"

Mzee Mikaeli aligeuka akamtazama Abiti Athumani, na macho yake yalikuwa makubwa, kama ya mbuzi aliyeshikwa miguu. Alikuwa anaogopa. Katika miaka sita Abiti Athumani hakupata kumwona anaogopa. Alikuwa anamtazama mtani wake ili ajue habari yake.

Basi Abiti Athumani akampa habari kwa njia waliyoizoea.

"Mwongo huyu, mwanangu," alisema kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye mkorosho. "Usipoteze wino. Haumwi hata ukucha. Amesikia Jumanne hospitali mnapika wali, basi tangu alfajiri anajikunja. Huko kwao Songea wali wanauona Krismasi. Mpe kijiko, usimpe dawa."

Benchi zima liliangua kicheko. Mama mmoja mwenye mguu uliovimba alicheka mpaka akajifuta machozi. Na Mzee Mikaeli, ambaye hamkasirikii mtani wake hata akikatwa kichwa, alicheka naye, meno yote nje, akasema, "Msimsikilize, amekuja kuiba blanketi zenu."

Nesi Elizabeti naye alicheka. Alikuwa amechoka na asubuhi bado mbichi, na babu aliyecheka hivyo mbele yake hakuonekana mtu wa kufa. Kalamu nyekundu ikarudi sikioni. Akaandika cheti kwa kalamu ya kawaida, akagonga muhuri wa saa.

"Haya, babu wa wali. Kaeni benchi la nje, mtaitwa."

Wakakaa. Mzee Mikaeli aliegemeza kichwa ukutani, na uso wake ulikuwa umetulia kidogo. "Vizuri," alisema polepole. "Ningekuona umenyamaza pale ningeanguka."

Saa tatu ikapita. Saa nne ikapita. Abiti Athumani alimpepea kwa kofia yake, akamhadithia mambo ya uongo juu ya mababu zake, namna walivyokimbizwa na nyuki wakadhani ni jeshi. Mzee alijibu matusi mawili, halafu moja, halafu akawa anaitikia kwa kidole.

Karibu na saa tano Abiti Athumani aliona jambo. Mtu aliyefika baada yao aliingia kabla yao. Halafu mwingine. Halafu mwanamke aliyefika saa nne imeshapita. Kila mmoja alipopita, cheti chake kilikuwa na mstari mwekundu kona ya juu. Akatazama cha Mzee Mikaeli. Hakikuwa na mstari.

"Mwanangu," alimwuliza yule mama wa mguu, ambaye alisema anaitwa Sabina na ametoka Mpapura, "huu wekundu ni nini?"

"Huo ndio mlango, bibi. Mwenye wekundu anaingia. Sisi weusi tunangoja wekundu waishe."

"Na wanaisha saa ngapi?"

"Jana hawakuisha. Nimelala kwa shangazi, leo nimerudi."

Abiti Athumani alikaa na maneno hayo. Alikumbuka ile kalamu imening'inia juu ya cheti. Alikumbuka imerudi sikioni. Wali. Kijiko. Mdomo wake mwenyewe.

Aliinuka akaenda mezani.

"Mwanangu, yule mzee wangu wa asubuhi."

"Bibi wa wali," alisema nesi, akaanza kutabasamu kabla hajainua uso.

"Anaumwa kweli."

"Asubuhi umesema haumwi hata ukucha."

"Nilisema hivyo kwa sababu," Abiti Athumani akaanza, akasita. Mzee Mikaeli alikuwa hatua sita nyuma yake, na mzee huyo hakuwa kiziwi. Angesema nini? Kwamba alisema vile kwa sababu aliogopa? Akayasema maneno mengine, na hata yeye aliyasikia yanavyotoka kwa sauti ileile ya kila siku. "Usimwamini Myao, mwanangu. Yule anaumwa, wallahi."

Watu wakacheka tena. "Watani hao," alisema mtu nyuma. "Kutwa nzima watatufanya tucheke bure." Na nesi, ambaye kwao Mchaga humtania Mpare na mambo ya Myao na Mngoni hakufundishwa na mtu, alisikia maneno ya kuchekesha tu. "Keti, bibi. Zamu yenu ipo."

Alirudi. Mzee Mikaeli alimwuliza kwa macho. "Anasema wali haujaiva," alimjibu.

Saa saba walileta watu wa Mpapura. Lori la korosho, magunia mpaka juu na vibarua juu ya magunia, lilipinduka kwenye kona. Walishushwa kumi na wanne, wengine kwenye machela, wengine kwenye milango ya nyumba iliyong'olewa. Sabina alisimama kwa mguu wake uliovimba akawa anataja majina, mmoja mmoja, maana aliwajua wote. Damu ilikokotwa barazani kwa miguu ya wapitao. Kalamu nyekundu haikurudi sikioni tena. Daktari aliingia chumba cha upasuaji, mlango ukafungwa, na waliokuwa wamekaa benchi la ndani wenye mistari yao myekundu wakaambiwa watoke wakae nje. Abiti Athumani alipowaona wanatoka, aliacha kupepea.

Hakukuwa na mtu wa kulaumiwa. Hilo ndilo lililomshinda. Angempata mtu mbaya mle ndani angemshika kanzu.

Saa tisa Mzee Mikaeli alitapika tena, na safari hii matapishi yalikuwa ya kijani na harufu yake haikuwa harufu ya tumbo la juu. Waliokaa karibu walisogea. Abiti Athumani alitia mkono chini ya shuka aliyomfunika, akagusa tumbo. Lilikuwa gumu kama ngoma iliyoanikwa. Miguu yake ilikuwa baridi, na jua lilikuwa linapasua bati.

"Wali umekawia," alisema Mzee Mikaeli. Sauti ilikuwa nyembamba kama uzi.

Hapo Abiti Athumani aliona njia mbili, na zote zilikuwa na shimo. Akiendelea kucheka, hakuna atakayemwamini, na mzee atafia benchi la nje. Akilia kilio cha kweli, pengine watamwamini, lakini mzee atamwona. Akamwekea kofia usoni, kama mtu anayemkinga na jua, akaenda.

Nesi Elizabeti alikuwa amepiga magoti chini, anakaza bandeji kwenye paja la kibarua. Abiti Athumani alipiga magoti mbele yake, damu ikaingia kwenye kanga.

"Mwanangu, nisikilize. Ni ngiri. Imekwama tangu alfajiri. Anatapika kinyesi. Alinikataza kusema kwa sababu anakuonea haya, wewe ni mjukuu wake. Na mimi nilisema uongo asubuhi. Nilisema uongo, mwanangu, mimi ni mtani wake, ndivyo tunavyofanya, hatumlilii mtu."

"Bibi, shika hapa," alisema nesi, akamkabidhi ncha ya bandeji bila kumtazama. Kibarua alikuwa anapiga kelele. "Kaza. Nimekusikia. Nitakuja."

"Huyo asubuhi alisema mzee hana kitu," alisema mbeba machela aliyekuwa anapita. "Mtani, atasema lolote apite mbele."

"Kaza, bibi."

Abiti Athumani alikaza. Na alipokuwa amekaza, mikono yote miwili imeshika ncha ya bandeji ya mtu asiyemjua, kilio kilimtoka. Hakikuwa kilio cha kuombea zamu. Kilitoka chini, mahali pa wale watoto wanne, akalia kwa sauti, kama wanavyolia watu msibani. Nesi Elizabeti aliinua uso. Alimtazama muda mrefu kuliko alivyomtazama mtu yeyote siku hiyo.

"Yuko wapi?" aliuliza.

Wakageuka wote wawili. Mzee Mikaeli alikuwa ameiondoa kofia usoni. Alikuwa anamtazama Abiti Athumani.

Abiti Athumani alimfikia kabla ya nesi. Akapiga magoti, akajifuta uso kwa kanga, damu ikabaki shavuni.

"Abiti."

"Abee."

"Leo unanilia."

"Nakulilia wewe? Nalilia kanga yangu, imeingia damu. Wangoni hamjui bei ya kanga."

Lakini sauti ilimkataa. Ilitetemeka kwenye neno la mwisho, na Mzee Mikaeli, aliyeishi ukuta kwa ukuta na sauti hiyo miaka sita, aliisikia. Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa gari limeshaondoka. Yale macho makubwa ya asubuhi hayakuwapo tena. Hakuogopa sasa. Alikuwa ameshapewa jibu.

"Basi," alisema. Akaanza kuhesabu rozari kwa vidole, bila kutoa sauti.

Nesi alipiga mstari mwekundu kwenye cheti, mrefu, kutoka kona hii mpaka kona ile, akakimbia ndani. Ilipita nusu saa. Aliyetoka ni mganga msaidizi, Bwana Paulo, mwenye aproni iliyolowa. Alifunua shuka, akagusa mara moja tu, akafunika.

"Huyu ilikuwa aletwe asubuhi," alisema.

"Tulikuwapo asubuhi," alisema Abiti Athumani.

Bwana Paulo alikichukua cheti, akasoma muhuri. Saa mbili na dakika kumi. Akamtazama nesi Elizabeti, na nesi akatazama sakafu. "Mwingizeni," alisema. "Daktari ana mtu mezani na wawili mlangoni. Akimaliza."

Walimlaza kwenye ukumbi mbele ya chumba cha upasuaji, wa tatu kwenye foleni. Abiti Athumani aliruhusiwa kukaa chini karibu na machela. Akajaribu. Mwenyezi Mungu anajua alijaribu. Alimwambia mtoro amekuja kumlinda asiibe mikasi ya daktari. Alimwambia chumvi iko tele humu, imewekwa kwenye chupa, inaning'inia. Mzee Mikaeli alimsikiliza kwa adabu, kama mtu anavyomsikiliza mgeni. Hakumrudishia hata tusi moja. Angerudisha moja tu, Abiti Athumani angeweza kuishi nalo.

Jua lilikuwa bado halijatua, lilikuwa kwenye madirisha ya upande wa bandari, mkono wa mzee ulipoachia rozari. Mbele yake bado kulikuwa na mtu mmoja.

Nesi Elizabeti alikuja akasimama. Kalamu ilikuwa mkononi, ameisahau.

"Bibi," alisema, "pale asubuhi. Kwa nini?"

"Ni mtani wangu."

"Mimi sikujua."

"Ndiyo, mwanangu," alisema Abiti Athumani. "Ungejuaje?"

Alimsamehe hapo hapo, na haikumsaidia chochote. Aliyebaki bila kusamehewa alikuwa mtu mmoja, na huyo alirudi naye kambini.

Walimzika kesho yake adhuhuri, nyuma ya kambi, kwenye mchanga ambao haushiki kuta vizuri. Katekista alikuja kwa baiskeli, akasoma, akafunga kitabu. Wazee walikuwa wamekaa kuzunguka, wenye fimbo na wasio na fimbo, Waislamu kwa Wakristo. Jeneza la mbao za sanduku la chai liliwekwa ukingoni. Halafu hakuna aliyelishika kulishusha. Wote walimtazama Abiti Athumani.

Alijua wanachongoja. Mngoni hazikwi hivihivi kama mtu asiye na watu wake. Mtani huja akamzuia. Huvaa nguo za marehemu, hutembea mwendo wake, huketi juu ya jeneza akasema hazikwi mtu hapa, huyu ni mwongo, hajafa, anajifanya. Watu hucheka, na kwa kicheko hicho marehemu huenda zake bila kinyongo. Kama mtani hakusema, mtu amezikwa kama mbwa wa barabarani.

Alikuwa na kofia ya bandarini mikononi. Hakuwa ameiachia tangu jana.

"Haya, Abiti," alisema Mzee Salumu wa chumba cha kwanza, kwa upole. Kesho yeye naye angehitaji mtu. "Jua linawaka. Tufanyie."

Abiti Athumani aliivaa kofia. Akasogea mpaka kwenye jeneza, akakunja mwili kidogo, mkono mmoja kwenye kinena, kwa kuwa huo ndio mwendo wa mwisho aliomwona nao. Wazee wachache wakaguna kwa furaha, wakamtambua. Akafungua mdomo. Maneno aliyajua, hayakuwa na mengine badala yake, wala hakuna Myao aliyewahi kubuni mengine.

"Mwongo huyu," alisema. "Haumwi kitu."

Alisema chini chini, na wale walikuwa wazee, masikio yao yamekwisha. Walitazamana. Mzee Salumu akaweka kiganja nyuma ya sikio.

"Hatujasikia, Abiti. Sema tena."

Akasema tena, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, nao wakacheka.